Kamisheni ya Wakala Mpya wa Bima: Haki Iko Wapi?

Chukua gari dogo lenye thamani ya shilingi milioni moja jijini Nairobi. Mwenye gari anataka bima kamili, ile inayogharamia gari lake pamoja na madhara atakayomsababishia mtu mwingine. Tuseme kampuni inamtoza asilimia 4 ya thamani ya gari, yaani shilingi 40,000. Juu yake zinaongezwa shilingi 80 za tozo ya mafunzo, shilingi 100 za mfuko wa kuwafidia wenye bima pale kampuni inapoanguka, na shilingi 40 za stempu. Mteja analipa 40,220 na kuondoka na cheti chake.

Wakala aliyemtafuta mteja huyo, akampigia simu wiki nzima, akarudia fomu iliyokosewa namba ya chesisi na kufuatilia barua ya mthamini, anapata asilimia 10 ya zile 40,000. Hiyo ni shilingi 4,000. Kabla hazijamfikia mkononi, asilimia 10 yake inakatwa kuwa kodi ya zuio. Zinabaki 3,600.

Kwa wakala mwenye wateja mia tatu aliowakusanya kwa miaka kumi na tano, 3,600 ni fungu moja katika mengi. Wateja wake wengi wanarudi wenyewe kila mwaka. Anawakumbusha kwa ujumbe wa simu, wanalipa, kazi imekwisha. Kwa wakala aliyeingia kazini mwezi uliopita, huenda 3,600 ndizo pesa pekee za wiki tatu. Humo atoe nauli, vocha ya simu, kodi ya chumba na chakula cha wiki nyingine tatu za kumtafuta mteja wa pili. Sheria inawapa wote wawili kiwango kilekile, lakini hakiwafikii kwa uzito uleule. Swali la mazungumzo haya, msikilizaji, ni hili: kamisheni ya haki kwa mtu anayeanza kazi ya bima inapaswa kuwaje?

Wengi wakiulizwa hukimbilia jibu moja: mwongezeeni asilimia. Jibu hilo halitoshi, na mahali pengine limewahi kuleta hasara kubwa. Ili kuona sababu, ni vizuri kuanza na jinsi malipo yenyewe yanavyopangwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Bima, Sura ya 487, haimwachii kila mtu ajipangie kamisheni atakavyo. Viwango vya juu vimewekwa kwa kanuni kulingana na aina ya bima, na cha bima ya gari ni hicho cha asilimia 10. Anayesimamia ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kikomo hicho kina maana yake. Kamisheni inatoka katika ada anayolipa mteja. Kampuni zikishindana kuwapandishia mawakala, fungu la kulipa fidia ndilo linalomegwa, na siku ya ajali mwenye gari ndiye anayezungushwa ofisi hadi ofisi.

Tanzania nako mtu anayeuza bima ndogondogo anaijua hesabu hii. Ada ya chini ya bima ya mtu wa tatu kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 118,000 za Tanzania, na katika hizo 18,000 ni kodi ya ongezeko la thamani. Mteja anaona amelipa 118,000. Wakala anahesabiwa kamisheni juu ya laki moja. Atalazimika kuuza vyeti vingi kabla ya kupata kodi ya chumba.

Sasa aangaliwe huyo anayeanza. Ili asajiliwe Kenya ni lazima apate cheti cha umahiri katika bima, ambacho mafunzo yake hutolewa na taasisi kama Chuo cha Bima kilichoko South C, Nairobi. Anasoma, anafanya mtihani, anaomba leseni, na leseni hiyo ataihuisha kila mwaka. Kampuni inampokea kwa mkataba wa uwakala. Mkataba huo si wa ajira: hauna mshahara wa mwezi, hauna likizo ya malipo, wala hauna mwajiri wa kumchangia katika mfuko wa uzeeni. Hata mchango wa bima ya afya ya jamii, SHIF, anajilipia mwenyewe kama mtu aliyejiajiri. Anayekwenda nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu hatari ya kuugua bila akiba ndiye mwenyewe asiye na mtu wa kumlipia siku akiugua.

Hata hivyo tageti anapewa. Kila Jumatatu asubuhi kuna kikao cha kitengo; majina ya wateja watarajiwa yanaandikwa ubaoni, na meneja wa kitengo anauliza kila mmoja ameleta nini. Meneja naye hulipwa ziada kutokana na mauzo ya watu walio chini yake. Kwa hiyo ana hamu ya kuandikisha watu wengi, na mara nyingi hapotezi kitu akiondokewa na mmoja wao, mradi mwingine ameingia.

Wateja wa kwanza wa wakala mgeni wanajulikana kabla hajatoka mlangoni. Ni mama yake mdogo mwenye duka, shemeji aliye polisi, mwalimu aliyemfundisha, wanachama wa chama cha akina mama, jamaa wa kanisani au msikitini. Hao hununua kwa sababu ya yeye, na wengine hununua ili wasimvunje moyo. Orodha ikiisha baada ya miezi minne au mitano, anaanza kugonga milango ya watu wasiomjua, na hapo ndipo wengi wanapoacha.

Akiondoka, mikataba ya mama mdogo na shemeji inabaki kwa kampuni. Ada inaendelea kulipwa mwezi baada ya mwezi. Kama mkataba wa uwakala unasema kamisheni ya kuhuisha inakoma siku anapoondoka, sehemu yake inabaki ofisini au inapewa mtu mwingine ambaye hawajui hata majina wale waliouziwa. Mama mdogo akipatwa na jambo, anampigia simu mtoto wa dada yake, ambaye sasa anauza viatu Gikomba na hana njia ya kumsaidia.

Hapa ndipo penye kiini cha dhuluma anayolalamikia wakala mpya, na hapahusiani moja kwa moja na ukubwa wa asilimia. Kampuni yenye mkataba wa namna hiyo inaweza kufaidika na mtandao wa jamaa zake, ikamwacha aende, ikabaki na wateja.

Bima ya maisha inaonyesha jambo hili wazi zaidi, kwa sababu kamisheni yake hurundikwa mwanzoni. Chukua mfano wa mwalimu anayekubali kukatwa shilingi 3,000 kila mwezi katika mshahara wake kwa mkataba wa akiba na bima wa miaka kumi. Ada ya mwaka ni 36,000. Tuseme kampuni inamlipa wakala asilimia 30 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili na 5 mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza anapata 10,800, wa pili 3,600, wa tatu 1,800. Jumla ni 16,200, na thuluthi mbili zake ziko katika mwaka wa kwanza.

Baadhi ya kampuni humpa wakala zile 10,800 mapema, mara makato ya kwanza yanapoingia. Kwa mgeni aliyekaa mwezi mzima bila shilingi, siku hiyo ni sikukuu. Analipa deni la duka, anatuma kidogo nyumbani, anaamini kazi imekubali.

Lakini mwalimu ana mkopo wa chama cha akiba, ana mkopo wa benki, na mwezi wa nne anachukua mwingine wa karo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza makato yote kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Nafasi ikiisha, kuna kato litakalokosa kupita. Ikiwa ni la bima, mkataba unakatika. Mwalimu amekwisha kulipa 12,000, na kwa kawaida mkataba wa namna hii hauna thamani ya kurudishiwa katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo pesa zake zimekwenda. Wakala kwa haki alistahili asilimia 30 ya 12,000, yaani 3,600. Kampuni inamdai arudishe 7,200 zilizobaki. Inazikata katika kamisheni ya wateja wake wengine. Mwezi unaofuata anafungua taarifa ya malipo na kukuta sufuri, au deni.

Mwalimu amepoteza na wakala ameingia deni. Hata kampuni imegharamika kumpima mteja, kuandaa mkataba na kuendesha makato yasiyodumu.

Je, wakala alikosea kumuuzia mwalimu mkataba wa 3,000 wakati wa 1,000 ungemfaa? Alikosea. Angeweza kuitazama hati yake ya mshahara akaona hakuna nafasi. Ila aliketi mbele ya mwalimu yule akiwa hajapata kitu tangu mwezi uanze, na mkataba wa 3,000 ungemlipa mara tatu ya ule wa 1,000. Mfumo ulimweka mahali ambapo ushauri mzuri ungemnyima chakula cha jioni. Mwadilifu atamshauri mteja vizuri hata akiwa na njaa, na wako wengi wa namna hiyo. Lakini biashara inayotegemea uadilifu wa mtu mwenye njaa imepangwa vibaya.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1905 Bunge la jimbo la New York, Marekani, liliunda kamati chini ya seneta William W. Armstrong kuchunguza kampuni za bima ya maisha. Mwanasheria aliyewahoji wakuu wa kampuni hizo alikuwa Charles Evans Hughes, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilo na hatimaye Jaji Mkuu wa Marekani. Kampuni tatu kubwa, Equitable, Mutual na New York Life, zilikuwa zimeshindana kwa miaka mingi kutafuta wateja wapya kwa gharama yoyote. Mawakala walipewa kamisheni kubwa ya mwaka wa kwanza, nao wakawa wanamrudishia mteja sehemu yake kwa siri ili akubali kununua. Waliokuwa wakilipia gharama hizo ni wateja wa zamani. Wale ambao mikataba yao ya gawio la mbeleni ilikatika njiani walikosa gawio hilo, na fungu lao likawanufaisha waliobaki.

Mwaka 1906 New York ikapitisha sheria ya kudhibiti matumizi ya kutafuta wateja wapya na kupiga marufuku mikataba ya gawio ya namna ile. Hadi leo sheria ya bima ya jimbo hilo, kifungu cha 4228, inaweka kikomo cha asilimia 55 ya ada ya mwaka wa kwanza kwa wakala wa bima ya maisha. Cha muhimu zaidi kwa mjadala huu, kifungu hicho kinatambua kwamba mgeni si sawa na mkongwe: kinairuhusu kampuni kumlipa wakala anayeanza posho ya mafunzo, chini ya masharti, nje ya hesabu ya kawaida ya kamisheni. Jimbo lililoumizwa na kamisheni kubwa liliona bado inafaa kumshika mkono anayeanza.

Australia ilijifunza somo lilelile zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 2014 mdhibiti wa masoko ya fedha wa nchi hiyo, ASIC, alikagua majalada 202 ya ushauri wa bima ya maisha. Asilimia 37 ya ushauri ule haikutimiza matakwa ya sheria. Walipotenganisha majalada kwa namna mshauri alivyolipwa, tofauti ilijitokeza waziwazi: pale mshauri alipolipwa kamisheni kubwa ya mwanzo, asilimia 45 ya majalada yalishindwa, pale alipolipwa kwa njia nyingine, yaliyoshindwa yalikuwa asilimia 7. Ni vigumu kusema kwamba washauri wa kundi moja walizaliwa na tabia mbaya kuliko wa kundi jingine. Mkataba wa malipo ulikuwa na mkono wake.

Serikali ikachukua hatua. Kuanzia Januari 2018 kamisheni ya mwanzo iliwekewa kikomo cha asilimia 80 ya ada, ikashushwa hadi 70 mwaka 2019, na 60 kuanzia Januari 2020. Kamisheni ya miaka inayofuata ikaruhusiwa hadi asilimia 20. Mkataba ukikatika katika mwaka wa kwanza, mshauri anarudisha kamisheni yote. Ukikatika mwaka wa pili, anarudisha asilimia 60. Mteja akapata ulinzi. Lakini idadi ya washauri wa masuala ya fedha nchini humo ilishuka kutoka takriban 28,000 mwishoni mwa 2018 hadi takriban 16,000 mwaka 2022. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo mitihani mipya na benki kubwa kujitoa katika kazi ya ushauri. Kubanwa kwa kipato nako kulichangia, na kizingiti kwa anayetaka kuingia kikapanda.

Hapo ndipo penye mtego. Rudi kwa mwalimu wa shilingi 3,000. Kamisheni ile ya 30, 10 na 5 ikisawazishwa iwe asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitatu, wakala atapata 5,400 mwaka wa kwanza, 5,400 wa pili na 5,400 wa tatu. Jumla ni ileile, 16,200. Kampuni haijaongeza senti. Wakala sasa ana sababu ya kumtembelea mwalimu mwaka wa pili na wa tatu, na hana faida ya kumuuzia mkataba asioumudu. Kwa mkongwe mpango huu hauna shida, maana mikataba yake ya zamani inampa kipato kila mwezi. Kwa mgeni ni pigo: mwaka ule anaohitaji pesa kuliko mwingine wowote, kipato chake kimekatwa nusu. Anayesema kamisheni zisawazishwe kisha akanyamaza, amemlinda mteja na kumfungia mgeni mlango.

India imejaribu kulifungua fundo hili, na jaribio lake linastahili kutazamwa kwa makini Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi Sheria ya Bima ya India ya mwaka 1938 iliweka vikomo vilivyojulikana na kila wakala wa bima ya maisha: asilimia 35 ya ada ya mwaka wa kwanza, 7.5 mwaka wa pili na wa tatu, na 5 miaka iliyofuata. Sheria hiyo ikaweka pia kinga ambayo wakala wa Nairobi au Mombasa angeitamani: wakala aliyetumikia kampuni moja kwa muda uliowekwa hakupaswa kunyimwa kamisheni ya kuhuisha kwa sababu tu ameacha kazi, na akifa, warithi wake waliendelea kulipwa. Shirika la bima ya maisha la nchi hiyo, LIC, lina mawakala zaidi ya milioni moja. Mjane wa wakala kijijini hupokea kamisheni ya wateja ambao mumewe aliwaandikisha miaka mingi iliyopita, kwa sababu kazi ile mumewe aliifanya.

Tarehe 9 Desemba 2024, mjini Panipat, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua mpango wa LIC uitwao Bima Sakhi. Ni wa wanawake wenye umri wa miaka 18 hadi 70 waliomaliza darasa la kumi. Anayeingia anapata posho ya rupia 7,000 kila mwezi mwaka wa kwanza, 6,000 mwaka wa pili na 5,000 mwaka wa tatu. Kwa miaka mitatu ni rupia 216,000, na kamisheni ya mauzo yake analipwa juu ya hapo. Posho inashuka taratibu kadiri kamisheni za kuhuisha zinavyotarajiwa kupanda, hadi asimame mwenyewe.

Posho hiyo haitolewi bure. Mwaka wa kwanza ana idadi ya watu anaotakiwa kuwakatia bima. Ili aendelee kulipwa mwaka wa pili, angalau asilimia 65 ya mikataba aliyouza mwaka uliotangulia iwe bado hai. Sharti hilo moja linafanya kazi ambayo semina nyingi za maadili hushindwa kuifanya. Mwanamke yule akimuuzia jirani mkataba usiofaa, jirani ataacha kulipa, na yeye ataikosa posho yake. Njaa yake na usalama wa mteja vimefungwa kamba moja.

Kampuni za hapa kwetu zina hoja zake, na hoja hizo zisipuuzwe. Zinasema: wanaoingia ni wengi, wanaodumu ni wachache, posho ya mwaka mzima kwa watu watakaoondoka mwezi wa tano ni hasara, na hasara hiyo itarudi kwa mteja kupitia ada. Ni kweli kwamba hakuna posho isiyo na mlipaji. Lakini mpango wa sasa nao una gharama, ila imefichwa. Kuna gharama ya kuandikisha na kufundisha watu wapya kila robo mwaka kujaza nafasi za walioondoka, na ya mikataba inayokatika kabla haijarudisha gharama zake. Kubwa kuliko zote ni mama mdogo mwenye duka, ambaye mkataba wake ukikatika na kupoteza pesa zake, anawaambia wateja wake wote kwamba bima ni wizi. Kenya, ambayo ndiyo yenye soko kubwa la bima Afrika Mashariki, ada zote za bima kwa mwaka bado ni kiasi cha asilimia mbili na ushei ya pato la taifa. Soko lililo dogo hivyo halina wateja wa kuwapoteza kwa namna hii.

Zaidi ya hayo, kampuni inayoogopa kulipa posho watu mia moja inaweza kuandikisha thelathini na kuwachuja vizuri. Ikilazimika kumlipa kila anayeingia, itafikiri mara mbili kabla ya kumwita kijana yeyote aliyemaliza chuo na kumwambia kipato chake hakina kikomo.

Wapo wanaotaka kamisheni ifutwe kabisa. Uingereza ilizuia kamisheni kwa ushauri wa uwekezaji tangu mwisho wa 2012, na Uholanzi ikafuata Januari 2013, ikigusa hata bima ya maisha. Mteja wa huko akitaka ushauri analipia ushauri. Afrika Mashariki mpango huo haujapata mahali pa kusimama. Mwenye bodaboda hatamlipa mtu ada ya kumshauri anunue kitu ambacho bado hajakiamini. Kamisheni itabaki, kwa hiyo ni wajibu iwekwe sawa.

Basi haki inaonekanaje? Kwanza, posho ya mwaka wa kwanza kwa kila wakala mwenye cheti na leseni, inayoshuka kadiri muda unavyokwenda, na inayotegemea mikataba iliyobaki hai. Pili, kamisheni ya bima ya maisha isambazwe katika miaka mitatu au zaidi badala ya kurundikwa mwanzoni. Mambo haya mawili yaende pamoja. Moja bila jingine litaumiza upande mmoja.

Tatu, utaratibu wa kurudisha kamisheni uandikwe katika mkataba kwa mwezi na kwa kiasi, ili wakala ajue kabla ya kupokea kwamba fedha hizi bado si zake zote. Anapokufa mteja, au kampuni inapokosea makato, wakala asidaiwe. Nne, anayeondoka kwa amani baada ya muda uliokubaliwa aendelee kupata sehemu ya kamisheni ya kuhuisha kwa wateja aliowaleta. Muda huo usiwe mrefu kiasi cha kumshinda kila mtu.

Tano, taarifa ya malipo itoke tarehe inayojulikana kila mwezi, ikionyesha jina la mteja, ada iliyoingia, asilimia, kodi ya zuio na kilichobaki. Kampuni za Kenya sasa hutoa cheti cha bima ya gari kwa njia ya kidijitali papo hapo, na sheria, kifungu cha 156, inazitaka zipokee ada kabla ya kubeba dhamana. Kampuni inayopokea pesa leo na kutoa cheti leo haina sababu ya kumzungusha wakala miezi miwili kwa 3,600 zake.

Na zile shilingi 80 za tozo ya mafunzo ambazo mwenye gari alilipa mwanzoni? Kila mteja wa bima Kenya huchangia asilimia 0.2 ya ada yake kwa ajili ya elimu ya sekta hii. Sehemu yake inayotumika kumlipia mgeni mtihani na nauli ya miezi ya kwanza ingekuwa imekwenda mahali pake hasa.

Kijana aliyeitwa wiki hii kwenye usaili wa uwakala ana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kutia saini. Nitalipwa tarehe ngapi? Mkataba wa mteja ukikatika mwezi wa nne, nitarudisha shilingi ngapi? Nikiondoka baada ya miaka miwili, kamisheni ya kuhuisha itakwenda kwa nani? Kati ya mawakala mlioandikisha mwaka jana, wangapi wako hapa leo? Ayaombe majibu kwa maandishi.

Swali la nne lisiachwe kwa vijana peke yao. Kila mwaka sekta ya bima Kenya huandaa hafla ya kuwatuza mawakala bora, na wanastahili. Mamlaka ya Kudhibiti Bima nayo hutoa orodha ya mawakala wenye leseni. Ichapishe pamoja na orodha hiyo, kwa jina la kila kampuni, idadi ya mawakala walioandikishwa mwaka uliotangulia na idadi ya waliosalia.